Pikipiki mbili, washkaji watatu na tembo wa Mikumi

MPENZI msomaji, kama hujawahi kukaa nyuma ya pikipiki kutwa nzima, usijisifu kwamba unaijua safari. Mimi nimekaa. Siku mbili baadaye nilikuwa bado nakula wali nimesimama!

Ilikuwa Julai 2022. Tulikuwa washkaji watatu na pikipiki mbili. Fundi aliendesha peke yake na mkoba wake wa spana. Mimi nilipakiwa na mshkaji tunayemwita Mkataba.

Jina hilo limetokana na chombo chake. Vijana wa mjini mnaujua mchezo huu: tajiri ananunua pikipiki, wewe unampelekea hesabu, na ukimaliza muda mliokubaliana inakuwa yako. Ukiiharibu kabla ya hapo, imekula kwako. Mkataba alikuwa amebakiza miezi mitatu tu.

Mama yake anakaa Kilosa, na alikuwa hajaiona. "Nataka bi mkubwa aone mwanawe anavyohangaika," akatuambia kijiweni.

Tajiri alijua? Thubutu! Aliambiwa kijana anaumwa tumbo.

KUTOKA BAHARINI

Fundi, ambaye hupenda mambo ya kihistoria, akataka tuanzie Bagamoyo, kama misafara ya zamani. Hapo ndipo Henry Morton Stanley alipoanzia mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na wapagazi na punda kibao. Walipofika tambarare ya Mkata, huko mbele ya Morogoro, mvua na matope viliwatesa, wengine wakaugua, punda wakafa njiani.

Sisi tuliondoka alfajiri, upepo wa bahari ukitupiga mgongoni. Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 za lami safi, minazi inapungua, vichaka vinaanza. Chalinze tukanywa chai. Milima ya Uluguru ilipojitokeza, mimi nilishaanza kujiona Mzungu wa kwenye sinema.

Morogoro raha ikaisha. Kabureta ya Fundi ikagoma, na mpaka ipone ilishafika saa kumi na nusu jioni.

"Tulale hapa," Fundi akasema.

"Kesho kutwa natakiwa nipeleke hesabu," Mkataba akajibu, na tayari alishapiga kiki.

Nami nikapanda. Kosa langu hilo, silikatai.

NDANI YA HIFADHI

Mikumi ni hifadhi ya taifa tangu 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inaipasua katikati kwa kilomita kama 50. Hakuna uzio. Mnyama akitaka kuvuka, anavuka.

Vibao vimejaa: mchana mwisho kilomita 70 kwa saa, usiku 50. Kuna na bao la bei za wanyama, maana ukigonga unalipa, tena kwa dola. Twiga mmoja tu angeumaliza mkataba wa Mkataba na wa wajukuu zake!

Jua lilishazama, na mshkaji alikuwa anachanja mbuga. Nilimgonga bega mara mbili, hakusikia.

Swala akachomoka kushoto. Sikumwona vizuri, niliona macho tu yanang'aa. Breki zikalia, tairi la nyuma likaserereka, tukaenda chini mpaka kwenye majani. Swala huyooo, akapotea.

Nilikuwa mzima, ukiacha goti na suruali. Kioo cha pembeni kilivunjika, usukani ukapinda kidogo. Kabla hatujaanza kulaumiana, tukasikia mtu anatuita kwa sauti ya chini. Mbele yetu lilikuwa limesimama lori, na mbele ya lori kulikuwa na tembo.

"Nyie madogo, njooni huku ubavuni," dereva akasema. "Msipige honi, wana mtoto hao."

Tukajibanza kwenye matairi ya lori. Walivuka mmoja mmoja, taratibu, kama watu wanaotoka msikitini. Jike moja kubwa likasimama katikati ya lami, masikio wazi, likitutazama mpaka mtoto alipopita. Ndugu yangu, hapo ujanja wote wa mjini uliniisha.

Mkataba alikuwa anatetemeka. Nikadhani anawaza pikipiki. Akaninong'oneza: "Leo mama angeletewa maiti."

Tuliingia Mikumi mjini usiku, tukiwa nyuma ya lori lile, mwendo wa harusi.

KILOSA KWA MAMA

Asubuhi tukashika njia ya Kilosa. Wakati ule ilikuwa ya udongo, na vumbi jekundu lilitufanya tufanane wote. Tulipata pancha mbili. Fundi aliziba akiimba.

Mama alitupokea uani. Tukaamkia, akaitika, kisha akaizunguka pikipiki kimya. Akashika mahali pa kioo.

"Hiki kimekwenda wapi?"

Mwanawe akasema kweli yote, mpaka habari ya tumbo la uongo. Mama hakufoka. Alituonyesha upande wa mto Mkondoa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalibomoa nyumba na kung'oa reli Kilosa, na yake ilikuwa mojawapo.

"Kulipokucha sikuwa hata na sufuria," akasema. "Lakini nilikuhesabu wewe na dada zako, mkatimia. Nyumba nikajenga tena. Mpigie tajiri wako sasa hivi."

Akapiga. Tajiri alifoka mpaka sisi wote tukasikia! Kioo kililipwa, na mwezi mmoja ukaongezwa. Novemba pikipiki ikawa yake.

Tangu 2024 treni ya umeme inapita Kilosa ikienda Dodoma, kwa hiyo huna sababu ya kuumia makalio. Lakini ukiamua kwenda kwa pikipiki, ingia Mikumi jua likiwa juu, na vile vibao visome. Mwenzio niliyesimuliwa ni mimi mwenyewe!

Tukutane wiki ijayo.