Jua ni la bure, paa ni la mwenye ploti

Saa sita mchana, juu ya magorofa ya Umoja na Pipeline kuna nguo zilizoanikwa, matangi ya maji na jua kali lisilo na kazi. Nairobi, sola ya kilowati 1 hutoa kwa wastani takriban uniti 4 za stima kwa siku, ingawa mawingu ya Julai huzipunguza.

Kikwazo ni paa. Buruburu, mtaa ulioanza kujengwa miaka ya 1970 kwa nyumba za kuuzwa, mwenye nyumba akitaka sola huita fundi, basi. Mpangaji wa Pipeline hununua tokeni zake mwenyewe, lakini paa si lake. Mwenye ploti naye, kwa kuwa halipii stima ya vyumbani, haoni faida ya kutoboa mfuko.

Ila pampu anailipia yeye. Maji huja kwa mgao, huhifadhiwa kwenye tangi la chini, kisha husukumwa juu. Kupandisha lita 10,000 hadi mita 20 huhitaji kama nusu uniti kwa hesabu ya fizikia. Kwa kuwa pampu na mabomba hupoteza nguvu nyingi, tuseme uniti 1.5. Paneli tatu za wati 500 zinaimudu kazi hiyo siku ya jua, tena bila betri, kifaa kinachopandisha gharama kuliko vyote. Tangi likijaa saa nane alasiri, wapangaji wataoga usiku kwa jua la mchana.

Stima ikibaki? Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuipeleka kwenye gridi. Kanuni za 2024 humrudishia nusu ya uniti alizopeleka, wala si pesa taslimu. Heri kuitumia papo hapo.

Kuna mtego pia. Tangu Aprili 2023, nyumba isiyozidi uniti 30 kwa mwezi hutozwa bei ya chini kabisa, na inayopita 100 bei ya juu. Mwenye ploti akiunganisha vyumba vyote kwenye mita moja ili awauzie wapangaji stima ya sola, anayewasha balbu mbili na televisheni huenda akapoteza nafuu hiyo.

Kwa hiyo ni busara kuanza na pampu, taa za ngazi na za geti. Keateka asome mita ya pampu kila jioni kwa mwezi mzima, ndipo fundi aulizwe bei ya paneli.