Kisiwa Kidogo, Watu Tele

Twaa ramani ya Bahari ya Hindi. Kati ya Msumbiji na Bukini utaona visiwa vinne: Ngazija, Anzuani, Mwali na Maore. Ndivyo Visiwa vya Komoro, ambavyo watu wa pwani wamezoea kuviita vyote kwa jina la Ngazija. Vitatu vya kwanza vilijitawala tarehe 6 Julai 1975. Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, kilibaki mikononi mwa Ufaransa. Ishike habari hiyo, maana tutairudia.

Mwaka 1980, katika visiwa vile vitatu walihesabiwa watu 335,150. Mwaka 2017 walihesabiwa 758,316. Kwa miaka 37 tu watu wamezidi mara mbili, na nchi ni ile ile, kilometa za mraba 1,861 hivi.

Lakini jumla huficha mengi. Mwaka 2017 Mwali kilikuwa na watu 178 kwa kila kilometa moja ya mraba, na Ngazija 330. Anzuani je? Watu 327,382 katika kilometa za mraba 424, yaani 772 kwa kila moja! Ungedhani tunausimulia mji, kumbe wengi wao ni wakulima wa jembe la mkono.

Labda utauliza mbona hawakuenda Ngazija, kisiwa kikubwa zaidi. Huko upo mlima wa moto, Karthala. Ardhi ni mawe yaliyoungua, mvua huzama chini mara inyeshapo, na mto hakuna. Anzuani kilikuwa na mito na mabonde yenye rutuba, hivyo watu walisongamana huko. Wakati wa ukoloni makampuni ya Kifaransa yalitwaa ardhi nzuri kwa mashamba makubwa, na wenyeji wakasukumwa kwenye miteremko. Miti ikakatwa, mingine ili kupata mashamba, mingine iwe kuni za kukenekea mafuta ya mlangilangi. Leo mito mingi hukauka kiangazi.

Basi kijana asiye na shamba atazame wapi? Hutazama Maore, umbali wa kilometa 70 tu. Zamani watu walikwenda na kurudi wapendavyo, kuwaamkia ndugu na kufanya biashara. Tangu mwaka 1995 Wafaransa wanadai viza, na maskini haipati. Kwa hiyo watu hupanda mashua ndogo usiku, ziitwazo kwasa-kwasa, akina mama wajawazito wakiwamo. Maelfu wamekufa maji katika mlango ule mwembamba wa bahari.

Hata hivyo wanafika. Mwaka 2017 Maore kilikuwa na watu 256,500 hivi, na karibu nusu yao walikuwa wageni, wengi mno kutoka visiwa vile vitatu. Kila mwaka maaskari huwakamata maelfu na kuwarudisha Anzuani kwa meli. Na wengi wao, wakiisha kushuka gatini, huanza kutafuta tena nauli ya mashua.