Mkaguzi wa Leo Asiwe Mtetezi wa Benki Kesho

Kila kamati ya fedha inaijua kanuni hii: mweka hazina hajikagui mwenyewe, na mkaguzi hapokei zawadi kutoka kwa anayemkagua. Lakini je, kama zawadi haitolewi leo bali inasubiriwa kesho, mkaguzi atakapomaliza muda wake? Hilo ndilo swali ambalo serikali mbalimbali zimelazimika kulijibu kuhusu maofisa wanaosimamia mabenki na masoko ya mitaji. Makala hii inalieleza kwa mifano miwili, mmoja wa Marekani na mwingine wa Umoja wa Ulaya. Mfano wa Marekani unatuhusu kwa karibu, kwa sababu uligusa fedha za nchi ya Afrika.

Tatizo ni nini?

Mdhibiti wa fedha ni ofisa wa umma anayehakikisha kwamba benki ina mtaji wa kutosha, haifichi fedha za wizi na haiwadanganyi wateja wake. Anapoacha kazi, anaondoka na vitu viwili vyenye thamani kubwa: habari za ndani ya ofisi, na urafiki na wenzake waliobaki. Benki nyingi ziko tayari kulipa vizuri ili kuvipata. Ofisa huyo anaweza kutumwa kwa wenzake wa zamani awashawishi walegeze kanuni au wafumbie macho kosa.

Hatari ya pili haionekani upesi. Ofisa anayetumaini kuajiriwa na benki mwakani anaweza kuanza kuilegezea kamba mwaka huu. Hata kama hakufanya hivyo, wananchi hawana njia ya kujua kama uamuzi wake ulikuwa wa haki. Kwa hiyo sheria inayomzuia baada ya kuondoka inalinda pia kazi aliyoifanya kabla hajaondoka.

Mfano wa Benki ya Riggs

Riggs ilikuwa benki ya zamani mjini Washington, ikihudumia balozi nyingi. Mwezi Julai 2004 kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti juu yake. Ripoti ilieleza kwamba Riggs iliendesha akaunti zaidi ya 60 za serikali ya Guinea ya Ikweta, viongozi wake na jamaa zao, na kwamba kiasi kilichohusika kilikaribia dola milioni 700. Karibu dola milioni 13 ziliingizwa zikiwa fedha taslimu katika akaunti zilizokuwa chini ya rais wa nchi hiyo na mkewe. Hayo yalitokea katika nchi yenye mafuta mengi ambayo wananchi wake wengi walikuwa maskini. Benki hiyo ilikuwa pia ikitunza kwa siri mamilioni ya dola ya Augusto Pinochet, aliyekuwa mtawala wa kijeshi wa Chile.

Wakaguzi walikuwa wapi? Riggs ilisimamiwa na ofisi ya serikali iitwayo kwa kifupi OCC. Kwa mujibu wa ripoti ya Seneti, mkaguzi aliyeongoza ukaguzi wa Riggs kuanzia 1998 hadi 2002 alishauri mwaka 2001 kwamba benki isichukuliwe hatua rasmi, ingawa upungufu wake ulikuwa umejulikana kwa miaka kadhaa. Mwaka 2002 alistaafu, na mara moja akaajiriwa na Riggs katika cheo cha juu. Ripoti ilisema pia kwamba baadaye alihudhuria mikutano kati ya benki hiyo na ofisi yake ya zamani.

Riggs ilitozwa faini ya dola milioni 25 mwezi Mei 2004. Januari 2005 ilikiri kosa la jinai na kutozwa dola milioni 16 zaidi. Mwaka huohuo ilinunuliwa na benki nyingine, na jina lake likatoweka.

Sheria inasema nini?

Marekani ilikuwa tayari na masharti kadhaa. Ofisa wa serikali kuu haruhusiwi kamwe kumwakilisha mtu mwingine mbele ya serikali katika shauri mahususi alilolishughulikia yeye mwenyewe kwa kina. Aidha, tangu sheria ya maadili ya mwaka 1978, maofisa wa ngazi za juu huzuiwa kwa mwaka mmoja kurudi kuishawishi ofisi waliyotoka.

Baada ya Riggs, Bunge liliongeza sharti mwezi Desemba 2004. Mkaguzi mwandamizi aliyeisimamia benki kwa miezi miwili au zaidi katika mwaka wake wa mwisho kazini haruhusiwi kulipwa na benki hiyo kwa mwaka mmoja, awe mwajiriwa, mkurugenzi au mshauri. Akikiuka, anaweza kuondolewa na kufungiwa kazi za benki kwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini, ambayo sheria hiyo ya 2004 iliiweka kuwa hadi dola 250,000.

Mfano wa Ulaya

Mwaka 2019 Mkurugenzi Mtendaji wa Mamlaka ya Mabenki ya Ulaya (EBA) alipata kazi ya kuongoza chama kinachotetea maslahi ya mabenki makubwa na makampuni ya masoko ya fedha. Mamlaka ilimruhusu kwa masharti, naye akaondoka mwanzoni mwa 2020. Mwezi Mei 2020 Mchunguzi wa Malalamiko wa Umoja wa Ulaya, Emily O'Reilly, aliamua kwamba ruhusa hiyo haikupaswa kutolewa. Alisema pia kwamba mkurugenzi huyo alipaswa kuzuiwa mara moja kuona habari za siri, tangu ilipojulikana kwamba anahama. Mamlaka ilikubali kurekebisha taratibu zake.

Hoja za upande wa pili

Wapo wanaosema masharti haya yanawanyima watu haki ya kujipatia riziki, na kwamba wataalamu wataogopa kazi ya serikali. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ndiyo maana masharti mengi ni ya muda mfupi na hayamkatazi mtu kufanya kazi mahali pengine. Mkaguzi wa Marekani anaweza kwenda kesho yake katika benki ambayo hakuikagua.

Lakini huo pia ni mwanya. Mtu anaweza kukaa nyuma na kumwelekeza mwenzake la kusema, bila yeye mwenyewe kupiga simu. Kwa sababu hiyo uwazi ni muhimu kama katazo. Tume ya masoko ya mitaji ya Marekani (SEC) inawataka waliokuwa watumishi wake watoe taarifa wanapokusudia kumwakilisha mteja mbele yake ndani ya miaka miwili baada ya kuondoka. Shirika la kiraia Project On Government Oversight lilipozihesabu taarifa hizo mwaka 2011, lilikuta watu 219 walikuwa wametoa taarifa 789 kati ya 2006 na 2010.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Mkaguzi wetu akipata ahadi ya kazi kutoka kwa anayemkagua, anatakiwa kumweleza nani, na ndani ya siku ngapi?

2. Akishaeleza, nani anachukua mafaili yake siku hiyohiyo?

3. Baada ya kuondoka, ni muda gani upite kabla hajarudi mbele yetu akimsemea mwingine?

Majibu yaandikwe katika kanuni kabla hajapatikana mtu wa kuhusika nayo. Sharti la Marekani kuhusu wakaguzi lilikuja baada ya fedha kupita, na kwa Guinea ya Ikweta lilikuwa limechelewa.