Je, Wajua? Chumba cha Kifahari Arusha Hulipiwa kwa Pointi

Ukipanda daladala Kimandolu kuelekea mjini, muda si mrefu unafika Mnara wa Saa. Hapo jirani ipo hoteli ya zamani ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la New Arusha. Sasa inaitwa Four Points by Sheraton, chapa ya kampuni ya Marriott ya Marekani, na chumba chake hulipiwa hata kwa pointi.

Je, wajua kwamba:

• Kujiunga na Marriott Bonvoy, mpango wa pointi wa Marriott, ni bure? Kwa kawaida, kila dola unayolipa hotelini hapo huleta pointi 10.

• Ukilipia usiku 5 mfululizo kwa pointi, unakatwa za usiku 4 tu?

• Pointi zina mwisho? Akaunti ikikaa miezi 24 bila shughuli yoyote, zinafutwa.

• Ukipata chumba kupitia tovuti ya wakala, kwa kawaida huambulii pointi? Weka nafasi hotelini moja kwa moja, utaje namba yako ya uanachama.

• Hoteli ya Gran Meliá ya Barabara ya Simeon ina mpango wake, Meliá Rewards, unaofanya kazi pia Serengeti na Zanzibar?

• Mtindo huu wa pointi ulishika kasi kwenye mashirika ya ndege? American Airlines ilianzisha mpango wake mwaka 1981; Marriott na Holiday Inn zikafuata mwaka 1983.

Tahadhari: pointi hulipia chumba. Kwa chakula cha jioni, vinywaji na dobi, andaa fedha zako.