Grafiki za Ndani na Grafiki za Nje

Picha iliyo kwenye skrini ya laptopu huchorwa upya mara 60 hivi kila sekunde, na sehemu inayoichora huitwa grafiki. Katika laptopu nyingi grafiki zimo ndani ya prosesa yenyewe. Katika zile za kazi nzito huwa ni chipu ya pekee, yenye kumbukumbu yake. Zipo pia chache ambazo grafiki zake hukaa nje kabisa: kadi kubwa ya kompyuta ya mezani, imetiwa kwenye kisanduku na kuunganishwa kwa waya. Kwa mhariri wa video za harusi huko Keroka, au mchoraji wa ramani za nyumba mjini Kisii, tofauti hizi ndizo huamua kama kazi ya mteja itatoka leo au kesho kutwa.

Intel ilianza kufunga grafiki pamoja na prosesa mwaka 2010, na mwaka uliofuata, kwa kizazi kilichoitwa Sandy Bridge, zikawa kipande kimoja. Grafiki za aina hii hula umeme kidogo na hazina kumbukumbu yao wenyewe; huazima ile ya kompyuta, yaani RAM. Hapo ndipo pesa nyingi hupotelea bila sababu. Laptopu yenye kipande kimoja tu cha RAM hulazimisha grafiki na programu zote kupita mlango mmoja. Kikiongezwa cha pili kinacholingana na cha kwanza, mlango mwingine hufunguka na grafiki hupata kasi kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Kama nafasi ya pili ipo, fundi huondoa skrubu za chini, akabana kipande mpaka kilie "tap", akafunga. Hilo lastahili kufanywa kabla ya kuwaza kununua mashine nyingine.

Kazi nyingi za Kisii na Nyamira zinatoshelezwa na grafiki hizo. Mpima ardhi anayegawa shamba la urithi vipande vidogo kwa QGIS au AutoCAD hutegemea zaidi prosesa na kumbukumbu. Picha za vinyago vya mawe ya Tabaka zinazotumwa kwa wanunuzi wa ng'ambo husafishwa bila taabu. Hata video ya kawaida hutoka upesi, kwa sababu tangu 2011 prosesa nyingi za Intel zina sehemu maalumu ya kubana video, iitwayo Quick Sync.

Zinaposhindwa ni kwenye picha ya nyumba ya pande tatu (3D). Wana wa Gusii wengi wanaishi Minnesota, Marekani, na anayejenga nyumbani akiwa huko hutaka kuona paa, madirisha na kivuli cha jioni kabla ya kutuma pesa. Programu za kutoa picha kama hizo, Lumion au Blender, hufanya hesabu za mwanga kwa mamilioni, na chipu ya pekee huzifanya kwa dakika pale ambapo grafiki za ndani zingechukua saa. Video ya 4K yenye tabaka nyingi na marekebisho ya rangi nayo iko kundi hilo.

Chipu hiyo ya pekee hupatikana katika ThinkPad za safu ya P, HP ZBook na Dell Precision, ambazo wengi huzinunua zikiwa zimetumika, zile Wakenya wanazoziita "ex-UK". Ni nzito, hupata joto, chaja yake ni kama tofali, na zikiwa kwa betri hupunguza nguvu zenyewe. Mara nyingi chipu imelehemiwa kwenye bodi, kwa hiyo ikiungua, bodi nzima imeondoka nayo.

Kadi ya nje huondoa tatizo hilo, maana hubadilishwa kama balbu. Iliwezekana kwa urahisi baada ya Thunderbolt 3 kutangazwa mwaka 2015, waya unaopitisha gigabiti 40 kwa sekunde. Lakini waya huo huipa kadi njia 4 za data, ilhali ndani ya kompyuta ya mezani ingepewa 16. Sehemu ya nguvu yake hupotea njiani, na hupotea zaidi picha inapolazimika kurudi kwenye skrini ya laptopu. Afadhali skrini nyingine ichomekwe moja kwa moja kwenye kadi. Tundu lenyewe hufanana kabisa na la USB-C la kawaida. Kinacholitofautisha kwa kawaida ni alama ndogo ya radi pembeni. Kwa Mac, Apple iliacha kuunga mkono kadi za nje katika mashine zenye chipu zake yenyewe, kuanzia M1 ya mwaka 2020.

Gharama halisi ya kadi ya nje, hata hivyo, ni stima. Nyanda za Kisii hupata ngurumo za alasiri mara kwa mara, na radi hapa si hadithi. Stima ikipotea, laptopu huendelea kwa betri bali kisanduku huzima papo hapo, na programu iliyokuwa ikikitumia kwa kawaida huanguka nacho pamoja na kazi ambayo haikuhifadhiwa. Bila UPS ya kukibeba dakika chache, kadi ya nje ni hasara inayongoja mvua. Katika ofisi ya Nyamira inayotoa picha za majengo usiku kucha, mashine yenye chipu ndani ni salama zaidi.

Dukani, muuzaji akitaja "grafiki za 4 GB", bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, kisha tazama GPU. Windows hutenganisha kumbukumbu iliyo mali ya grafiki na ile ya kuazima. Ya kuazima kwa kawaida huwa nusu ya RAM yote, kwa hiyo laptopu ya 8 GB isiyo na kadi yoyote itaonyesha karibu 4 GB, na hizo ndizo anazouziwa mtu.