Ahadi ni Deni: Mtunzi Mwanafunzi na Msomaji Wake

Miongoni mwa wanafunzi wa fasihi imeenea imani kuwa utunzi wa bunilizi hutegemea msukumo wa ghafla, na kwamba asiyejaliwa msukumo huo hana budi kungoja. Makala hii inadhamiria kubainisha, kwa kurejelea maisha ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025) alipokuwa mwanafunzi Makerere, kuwa mtunzi chipukizi huhitaji zaidi msomaji anayemngoja.

Ngũgĩ alijiunga na Makerere mwaka wa 1959, akasomea Kiingereza. Idara yake ilikuwa na jarida la utunzi lililoitwa Penpoint. Mwaka wa 1960 alimsimamisha Jonathan Kariara, mwanafunzi aliyemtangulia na aliyehusika na jarida hilo, akamwarifu kuwa ameandika hadithi fupi na angependa aisome. Hadithi yenyewe haikuwapo. Hata hivyo, kwa kuwa ahadi ni deni, ilimbidi Ngũgĩ akaitunge. Hatimaye ilichapishwa katika Penpoint.

Deni hilo moja lilizaa mengine. East African Literature Bureau ilipotangaza mashindano ya uandishi wa riwaya, aliandaa mswada uliokuja kuchapishwa kwa jina The River Between (1965). Waandishi wa Kiafrika walipokongamana Makerere mnamo Juni 1962, alimkabidhi Chinua Achebe mswada wa riwaya nyingine, Weep Not, Child, iliyochapishwa mwaka wa 1964. Mwaka uo huo wa kongamano, tamthilia yake The Black Hermit iliigizwa jijini Kampala. Haya yote aliyatenda huku akihudhuria mihadhara na kujiandaa kwa mitihani kama wenzake.

Mazoea matatu yanajitokeza hapa. Kwanza, alimtafuta msomaji kabla kazi haijakamilika. Pili, alikubali kubanwa na wakati, iwe ni kwa jarida, mashindano au jukwaa. Tatu, hakujifunga katika utanzu mmoja. Hadithi fupi ilimwandaa kwa riwaya, nayo riwaya haikumzuia kuandika tamthilia.

Pamoja na hayo, kuna jambo lisilopaswa kupuuzwa. Kazi hizo zote ziliandikwa kwa Kiingereza. Jarida lililompokea lilikuwa la Idara ya Kiingereza. Msomaji aliyemdai alimdai kwa lugha hiyo, na deni likalipwa kwa lugha hiyo. Riwaya yake ya kwanza kwa Kigĩkũyũ, Caitaani Mũtharabainĩ (1980), aliiandika akiwa kizuizini Kamiti mwaka wa 1978, kwenye karatasi za msalani. Kufikia wakati huo, takribani miaka 18 ilikuwa imepita tangu ahadi ile ya Makerere.

Funzo kwa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili ni bayana. Mwanafunzi anayehakiki riwaya ya Kiswahili darasani hujifunza kusoma kazi ya mwingine; hajapata bado wa kumdai yake. Chama kinachotenga kurasa za hadithi katika jarida lake, kikateua mhariri na kutangaza siku ya mwisho ya kupokea miswada, huwa kimemwekea mtunzi huyo mdai. Kinyume cha hayo, kipawa chake kitatafuta msomaji katika lugha nyingine, na Kiswahili kitabaki kumhakiki mtunzi ambaye kingeweza kumlea.