Kutoka Kwakoa hadi Nungwi: Yajue haya kabla ya kwenda kuwaona kasa

KWA mtoto aliyekulia Kwakoa, wilayani Mwanga, maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona huenda ni yale ya Ziwa Jipe, lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya. Samaki anamfahamu akiwa wavuni, sokoni au chunguni. Kasa na matumbawe hukutana navyo katika vitabu vya shule tu.

Ndiyo maana safari ya kwanza kwenda Zanzibar kuwaona viumbe wa baharini huwa ni jambo kubwa kwa familia au shule ya ukanda huo wa tambarare, chini ya milima ya Upare. Fedha zake kwa kawaida zimekusanywa kwa muda mrefu: mbuzi ameuzwa, sehemu ya mavuno imewekwa kando, au wazazi wamechanga kidogo kidogo kupitia kamati ya shule.

Kosa dogo la mpangilio linaweza kuirudisha familia nyumbani bila kuona ilichokifuata. Aidha, mgeni asiyejua nini cha kuuliza anaweza kulipia burudani inayowaumiza viumbe wale wale aliokwenda kuwastaajabia.

Si matangi ya kioo

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kinachotembelewa Zanzibar hakifanani na kile kinachoonekana katika filamu na televisheni. Tangu bustani ya wanyama ya London ilipofungua nyumba ya samaki kwa ajili ya umma mwaka 1853, miji mingi duniani imejenga majumba yenye matangi makubwa ya vioo, ambamo maji husafishwa kwa mitambo usiku na mchana. Barani Afrika, Cape Town ilifungua jumba la namna hiyo mwaka 1995.

Nungwi, kijiji kilicho kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, hali ni tofauti. Huko bahari yenyewe imechimba madimbwi ndani ya mwamba wa matumbawe, na maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari. Katika dimbwi mojawapo, jirani na mnara wa taa za meli, wanakijiji walianzisha mwaka 1993 kituo cha kuhifadhi kasa kinachojulikana kama Mnarani.

Lengo lilikuwa kuwaokoa kasa walionaswa katika nyavu za wavuvi, kuwatibu na kuwarudisha baharini. Wavuvi walihamasishwa kuwafikisha kasa kituoni badala ya kuwachinja, na viingilio vya wageni vimekuwa vikisaidia kuendesha kazi hiyo pamoja na shughuli za kijiji.

Wanaoonekana zaidi ni kasa wa kijani, ambaye akikomaa hula majani na mwani wa baharini, na ng'amba, mwenye mdomo mfano wa kasuku, ambaye magamba yake yaliwahi kusafirishwa kwa wingi kutengenezea vitana na mapambo. Leo biashara ya kimataifa ya kasa na mazao yao imepigwa marufuku kwa mkataba, na sheria za uvuvi za Tanzania Bara na Zanzibar zinawalinda.

Kobe si kasa

Wageni wengi huchanganya viumbe hawa wawili, na kosa hilo huwagharimu nauli ya boti. Kobe huishi nchi kavu, ana miguu minene na huweza kuingiza kichwa ndani ya gamba. Kasa huishi baharini, miguu yake imekuwa kama makasia, na kichwa chake hakiingii ndani ya gamba.

Anayetaka kobe wakubwa hana budi kwenda kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe, safari ya takriban nusu saa kwa boti. Kobe hao asili yao ni Aldabra, Shelisheli, na wanne wa kwanza waliletwa kama zawadi mwaka 1919. Waliongezeka hadi kufikia 200 mwaka 1955, lakini wizi uliwapunguza hadi wakabaki saba mwaka 1996, ndipo ulinzi ulipoimarishwa.

Anayetaka matumbawe na samaki katika makazi yao halisi atafute Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa Mji Mkongwe. Miamba yake ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Uvuvi na kutia nanga haviruhusiwi, na aina zaidi ya 400 za samaki zimeorodheshwa hapo. Wanafunzi wa shule za Zanzibar wamekuwa wakipelekwa huko kujifunza. Kwa kuwa idadi ya wageni hudhibitiwa, nafasi lazima iombwe mapema.

Kwa safari ya kwanza yenye watoto na fedha kidogo, ni busara kuchagua Nungwi pamoja na Changuu, kisha kuiacha Chumbe kwa siku nyingine.

Siku tano zatosha

Kutoka Mwanga hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 500, kupitia Same, Korogwe na Chalinze, mwendo unaomaliza sehemu kubwa ya siku. Kwa msafiri wa Kwakoa, anayelazimika kwanza kufika barabara kuu, kujaribu kuunganisha basi na boti siku hiyo hiyo ni kujitafutia matatizo. Ni heri kulala Dar es Salaam na kuvuka asubuhi.

Boti ziendazo kasi huchukua saa mbili hivi kufika Unguja. Raia hulipa kwa shilingi, na nauli yake ni ya chini kuliko ya wageni wa nje, hivyo kila mtu mzima awe na kitambulisho. Pasipoti haihitajiki kwa Mtanzania. Tiketi zinunuliwe katika ofisi ya kampuni yenye boti na si kwa mtu wa njiani, maana jina la kila abiria linapaswa kuwamo katika orodha ya chombo. Ajali ya Mv Skagit, iliyozama Julai 18, 2012 ikitokea Dar es Salaam kwenda Unguja, bado ni funzo. Abiria asione haya kuuliza maboya ya kujiokolea yako wapi, wala kuahirisha safari chombo kinapoonekana kufurika.

Upepo wa kusi huichafua bahari, hasa kati ya Juni na Agosti. Msafiri ambaye hajawahi kupanda chombo ale chakula chepesi, akae katikati ya boti sehemu ya chini na atazame mbali. Masika ya Machi hadi Mei nayo hayafai sana kwa matembezi ya nje.

Siku ya pili jioni inaweza kutumika kwa Changuu, iwapo boti ilifika mapema na bahari imetulia. Siku ya tatu ni ya Nungwi, kiasi cha kilomita 60 kutoka mjini, ambako daladala namba 116 hufika. Siku ya nne ni ya kurejea Dar es Salaam, na safari ya kurudi Upareni huanza kesho yake alfajiri.

Saa ya bahari

Wapangaji wengi wa safari huangalia kalenda na kusahau mwezi. Pwani ya Afrika Mashariki, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku muda husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ikiwa leo maji yamejaa saa nne asubuhi, kesho yatajaa karibu na saa tano.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Katika siku hizo, Unguja maji hupwa karibu na saa nne asubuhi, na kujaa tena kwenye saa kumi alasiri. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambayo tofauti yake ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Kwa kuwa dimbwi la Nungwi hutegemea maji hayo, hali anayoikuta mgeni wa asubuhi huenda isiwe ile ya alasiri. Boti za visiwani nazo hupakia na kushusha kwa kufuata kina cha maji. Hivyo kabla ya kukata tiketi ya basi, mratibu wa safari apige simu kwa mwenyeji au kituo husika aulize jambo moja: siku hiyo maji yatajaa saa ngapi?

Maswali matatu

Dimbwi la kuhifadhi kasa linapaswa kuwa mfano wa hospitali, na mgonjwa wa hospitali hutarajiwa kutoka. Mgeni ana haki ya kumuuliza mwongozaji wa kituo chochote kile maswali matatu: kasa huyu alitoka wapi, amekaa hapa muda gani, na atarudishwa baharini lini?

Majibu yake yana uzito. Kasa jike huchukua miongo kadhaa kabla ya kutaga. Hutaga mayai yapatayo 100 au zaidi kwa mara moja, na watoto hutoka mchangani baada ya miezi miwili hivi, lakini wanaofikia utu uzima hukadiriwa kuwa mmoja kati ya 1,000. Wataalamu wengi hushauri watoto wenye afya waachwe waingie baharini mara tu wanapototolewa, maana kuwafuga kwa muda mrefu huwazoesha binadamu na kuwapotezea stadi za kujitafutia. Aliyejeruhiwa na wavu ndiye mwenye sababu ya kubaki.

Kwa msingi huo, mgeni asimnyanyue kasa majini ili apige picha, wala asimpande kobe mgongoni. Mikono yenye mafuta ya kujipaka huchafua maji, na kasa na kobe huweza kubeba bakteria wa salmonela. Watoto waoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Mifuko ya plastiki ibaki nyumbani: Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006 na Tanzania Bara mwaka 2019, na ikiingia baharini kasa huimeza akidhani ni chakula.

Wapo watakaouliza kwa nini kasa asiliwe kama samaki wengine. Jibu limeandikwa kwa misiba. Machi 2024, watu tisa, wanane kati yao wakiwa watoto, walifariki dunia katika kisiwa cha Panza, Pemba, baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 walilazwa. Novemba 2021, watu saba walikufa kisiwani Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Nyama ya kasa huweza kuwa na sumu ambayo haiondolewi kwa kupikwa, na haitambuliki kwa macho wala kwa ladha.

Kurudi Jipe

Thamani ya safari kama hii hupimwa baada ya kurudi. Mwanafunzi aliyejifunza Nungwi kwamba wavu wa mvuvi unaweza kuua au kuokoa, ana sababu ya kulitazama upya ziwa la kwao. Katika Jipe na bonde la mto Pangani yumo perege wa asili asiyepatikana kiasili kwingineko duniani, na amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Hakuna mtalii anayevuka bahari kwenda kumpiga picha.

Kasa wa Nungwi walipata watetezi kwa sababu wanakijiji waliamua kwamba kiumbe aliye hai majini ana faida kuliko aliye chunguni. Nauli ya kuvuka bahari haitakuwa imepotea endapo watoto wa Kwakoa watarudi na swali kama hilo juu ya perege wao.